Kopo la maharage, nyongeza, na ushuhuda uliopigiwa makofi: ninaomba mwongozo wa Maandiko

Muuza Maharage (mwenye uzi)

Wapendwa katika Bwana, ninawasalimu nyote kwa jina la Yesu.

Ninauza maharage katika soko la Virunga, hapa Goma, na huu ni mwaka wa 11 tangu niwekwe kuwa shemasi katika kanisa ambalo sitalitaja, kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza ni langu mwenyewe. Jina langu pia nimelificha, na sababu yake itaeleweka mbele. Ninaomba ndugu wanaolifahamu Neno wanisaidie kulipima jambo ambalo limeniondolea usingizi tangu Pasaka.

Kopo ninalopimia nilikabidhiwa pamoja na meza na mzee aliyeniachia nafasi yake sokoni. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka nje kikaingia ndani, na mteja akitazama kutoka juu haoni neno, kwa kuwa maharage huficha kila kitu. Gunia la kilo 100 kutoka Masisi au Rutshuru, ambalo kwa kopo zima lingetoa makopo 66, kwangu lilitoa 72. Sikuligonga mimi. Maneno hayo mawili yalinitosha miaka mingi kuwa utetezi, na nilipofunga meza jioni sikuhisi kwamba nimeiba, bali kwamba nimerithi.

Lakini linalonichoma zaidi ni nyongeza. Kila mteja, baada ya kumpimia, nilimwongezea konzi moja juu ya kipimo, tena kwa uchangamfu, na yale makopo 72 ninayoyataja ni baada ya kuzitoa konzi hizo zote. Akina mama wakanipa jina la utani kwa ajili ya ukarimu huo. Nami, kwa kulipenda jina lile, nikamwomba mchoraji aniandikie juu ya meza maneno ya Luka 6:38, yale ya kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika. Nilichokitoa kwa mkono kilikuwa sehemu ndogo ya kile nilichokwisha kukinyima kwa kitako.

Wiki moja kabla ya Pasaka nilikuwa nikiandaa somo juu ya Anania na Safira katika Matendo 5. Tangu utotoni nilidhani waliuawa kwa sababu walibakiza fedha. Safari hii nikausoma mstari wa 4 polepole, na Petro anasema waziwazi kwamba shamba lilikuwa lao, na hata baada ya kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wao. Hakuna aliyewadai. Ukirudi nyuma kidogo, mwishoni mwa sura ya 4, utamwona Barnaba akiuza shamba lake na kuweka fedha miguuni pa mitume, na nadhani watu hawa wawili walitamani kutazamwa kama Barnaba bila kutoa alichotoa Barnaba. Hapo nikajiona.

Jumapili iliyofuata nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba "sikuwa mwaminifu katika biashara yangu" na kwamba Bwana amenirejesha. Kopo sikulitaja. Kanisa zima likapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mchungaji akanitaja kuwa mfano wa unyenyekevu. Jumatatu wateja waliongezeka, kwa maana habari ilikuwa imeenea kwamba mimi ni mfanyabiashara aliyetubu. Nikawapimia kwa kopo lile lile.

Maswali yangu ni mawili. Je, ushuhuda ule ulikuwa toba, au ulikuwa nyongeza nyingine? Na mtu aliyewapunja mamia ya watu asiowajua atamrudishia nani?

Mama wa Ndosho

Papa Shemasi, pokea salamu zangu. Nafikiri ninakujua, lakini kama ulivyoficha jina lako nami nitalificha.

Nataka nikuondolee mzigo mmoja na kukuongezea mwingine. Sisi tulijua. Mwanamke anayepikia watu tisa hahitaji kutazama kitako cha kopo, kwa sababu ana sufuria nyumbani, na sufuria haidanganyi. Makopo manne ya kweli hufika kwenye msumari wa mkono wa sufuria yangu, na makopo manne ya soko hayakufika hata siku moja, yawe yako, yawe ya jirani yako wa kushoto au wa kulia. Tulikuja kwako kwa sababu wengine waligonga kopo na konzi hawakuongeza. Kwa hiyo, usijione kuwa mjanja aliyewahadaa wajinga. Ulikuwa mwizi aliyefahamika, nasi tulikuchagua kwa hesabu.

Huo ndio mzigo ninaokuondolea. Mwingine ni huu. Kuna siku, mume wangu akiwa hana kazi, niliomba konzi ya pili. Ukaniambia kwa sauti ya kufundisha kwamba utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa. Andiko hilo ni la kweli, 1 Timotheo 6:6, nami ninalipenda hata leo. Lakini ulilisema ukiwa umeshika kopo lile mkononi. Maharage niliyopunjwa nimekwisha kuyasahau, wala siyadai. Andiko lile bado sijalisahau.

Na sasa niulize: kopo liko wapi?

Mwanafunzi wa Theolojia

Mzee wangu, shikamoo. Mama wa Ndosho amesema yaliyo mazito kuliko nitakayoyasema, lakini kwa kuwa umeuliza juu ya kurudisha, tuanze na Torati.

Mambo ya Walawi 6:1-7 inamhusu mtu aliyemdanganya jirani yake kwa habari ya amana, au aliyemdhulumu, au aliyeokota kitu kilichopotea akakana. Anaamriwa kurudisha chote kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kumpa mwenyewe, siku ile ile anapoleta sadaka ya hatia. Sadaka haichukui nafasi ya malipo. Bwana wetu ameliweka jambo hilo hilo katika Mathayo 5:23-24: sadaka iachwe mbele ya madhabahu, mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake. Naona watu wengi wakiusoma mstari ule kana kwamba unamhusu aliyekosewa, ilhali mwenye sadaka pale ndiye ambaye ndugu yake ana neno juu yake.

Hesabu 5:5-8 inaongeza mambo mawili. La kwanza ni kuungama dhambi aliyoitenda, yaani ile yenyewe, si "udhaifu" kwa jumla. La pili linalijibu swali lako kwa sehemu: ikiwa aliyekosewa hana jamaa wa kupokea malipo, malipo huwa ya Bwana, yakapewa kuhani. Tafadhali lisome kwa uangalifu. Linasema juu ya mtu asiye na jamaa, halisemi juu ya mtu ambaye ni kazi kumtafuta.

Halafu yuko Zakayo, Luka 19:8. Nusu ya mali yake anawapa maskini, na kwa yeyote aliyemnyang'anya kwa hila anarudisha mara nne, kama sheria ya mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Ni matoleo mawili tofauti, wala maskini hawatumiwi kufunika deni la waliodhulumiwa. Ninalisisitiza hili kwa sababu hapa mjini nimewaona watu wakijenga choo cha kanisa kwa fedha ya wajane.

Mwisho, mzee wangu, nina swali la kawaida kabisa. Unasema huwajui uliowapunja. Huna daftari la madeni?

Mchuuzi wa Birere

Ndugu zangu, mnaongea kana kwamba maharage hushuka usiku kama mana na sisi tunayaokota asubuhi.

Gunia tunaloambiwa ni la kilo 100 mara nyingi halizifikii, maana na huko lilikotoka kuna mwenye kopo lake. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kina mdomo. Likifika mjini namlipa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, namlipa mbebaji, nalipa ushuru wa soko, kisha naanza kuuza kwa bei ambayo meza zote zimekubaliana. Nikinyosha kitako cha kopo peke yangu na bei ikabaki ile ile, nitakuwa nimefunga biashara ndani ya miezi mitatu. Nikipandisha bei, mteja anakwenda meza ya pili, ambako atapata kipimo kidogo kwa bei ndogo na kufurahi. Kopo lililogongwa ni namna ya kupandisha bei bila kumtisha mtu. Kila mtu anajua, Mama wa Ndosho amekiri mwenyewe. Jambo linalojulikana na wote linawezaje kuitwa uongo?

Sisemi kwamba ni vizuri. Nasema kwamba shemasi mmoja hawezi kulinyosha soko.

Katekista wa Himbi

Tumsifu Yesu Kristo.

Kaka wa Birere, hoja yako ina uzito, na ninaheshimu kwamba umeitoa bila kujificha nyuma ya mstari wa Biblia. Lakini Amosi 8:5 inazungumza na soko zima, si na mfanyabiashara mmoja. Inawataja wenye kuipunguza efa na kuiongeza shekeli, yaani kipimo kidogo kwa bei kubwa, na nabii hasemi kwamba wanunuzi hawakujua. Bila shaka walijua. Maskini hujua daima, ila hana pengine pa kwenda. Kujua kwake hakumwondolei muuzaji hatia, kwa sababu ni yeye anayelipa na hana neno la kusema.

Kuhusu mtu mmoja asiyeweza kulinyosha soko, mji wetu una jibu ambalo hatulipendi. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981, na kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Aliletewa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana na makatekista habari zake Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert akatangazwa mwenye heri kule Roma. Mpaka wenyewe hakuunyosha. Shehena ile haikupita, basi.

Nisijisifu, maana katika shirika letu tunaimba jina lake na picha yake tumeitundika, na picha haimgharimu mtu chochote. Sisi Wakatoliki tunaungama kwa siri na hakuna anayepiga makofi, hivyo mtu aweza kudhani tumeepukana na tatizo la mwenye uzi. Hatujaepukana. Nimewahi kuungama dhambi moja miaka mingi, kwa maneno mazuri, kwa sauti ndogo, huku nikijua kwamba mtu niliyemkosea anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Naye padri, kila mara, aliuliza kama nimekwisha kwenda kwake.

Ndugu Shemasi, makofi yale hayakuwa kosa la waliopiga. Walipiga kwa sababu uliwapa habari njema isiyo na kopo ndani yake.

Mwimbaji wa Katindo

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Na uzi huu je? Mwenye uzi ameandika vizuri, kwa uchungu na kwa mpangilio, na sisi tunamjibu kwa heshima. Haya nayo si makofi?

Muuza Maharage (mwenye uzi)

Ndugu zangu, nimekaa kimya majuma matatu. Naanza na Mwimbaji wa Katindo, kwa kuwa swali lake lilinikuta nikiwa nimefungua uzi huu kwa mara ya tano katika siku moja ili kuona waliojibu. Ndiyo, ni makofi. Ndiyo maana nilificha jina, na bado nikayatafuta. Sina utetezi.

Mama wa Ndosho, uliposema "tulijua" nilikasirika kwanza. Nilikuwa tayari kuwa mwizi, wala sikuwa tayari kuwa mwizi aliyehurumiwa na wateja wake. Juu ya andiko nililokuambia, nimekumbuka siku ile, au nadhani nimeikumbuka, maana nimewaambia maneno hayo akina mama wengi na sasa siwezi kukutofautisha nao. Naomba unisamehe hata kwa hilo. Ule ubao wa Luka 6:38 nimeuteremsha. Nimeelewa pia kwa nini Bwana anataja kushindilia na kusukasuka: muuzaji anayetaka kupunja humimina taratibu ili punje zilegee na ziache nafasi, na mimi ujuzi huo ninao mkononi mpaka leo.

Kopo nililipeleka kwa fundi wa sufuria. Aliligonga kutoka ndani, akazidisha, na sasa kitako kimetoka nje kidogo na kopo haliketi vizuri mezani. Gunia hutoa makopo 65. Nimeamua kuliacha hivyo.

Mwanafunzi, daftari ninalo. Nilipouliza nitamrudishia nani, lilikuwa ndani ya droo ya meza, chini ya kiwiko changu. Lina majina 23 ya watu wanaochukua kwa mkopo, na tarehe, na idadi ya makopo. Nikakaa nikapiga hesabu. Kila kopo langu lilipungukiwa sehemu moja ya 12. Ukiongeza juu yake sehemu ya tano kama Walawi inavyoagiza, kila aliyenunua ananidai sehemu ya kumi ya fedha aliyonilipa. Niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Fungu la kumi, ndugu zangu! Lile nililokuwa nikilipeleka kanisani kila mwezi ndani ya bahasha yenye jina langu ndilo hasa nililokuwa nikidaiwa sokoni. Nimewaendea 14 mpaka sasa, nikawaonyesha kopo na kuwaeleza, kisha nikawapunguzia deni au kuwapa maharage. Wawili walicheka. Mmoja alikataa kupokea akisema nataka kumfunga kwa uchawi. Mama mmoja alipokea, akahesabu, akasema deni lake linaanza nyuma zaidi ya daftari, na alisema kweli. Kwa wasiomo daftarini bado sijajua nifanye nini, na ninalisoma Hesabu 5 kwa hofu.

Kwa wazee wa kanisa nilikwenda nikalitaja kopo kwa jina lake. Kikao kilichukua karibu saa mbili, na kwa sehemu kubwa kilihusu heshima ya kanisa. Nimeacha kufundisha. Kama nitaendelea kuwa shemasi, wao wataamua, nami nimeomba nisiwepo siku hiyo.

Kaka wa Birere, ulitabiri vizuri. Bei nimeipandisha kwa kiasi cha tofauti ile, na nyongeza nimeiondoa, kwa sababu bei ya kweli haiachi konzi ya kugawa. Wateja wamepungua kama theluthi. Tena wanasema kwamba tangu shemasi aokoke amekuwa mchoyo. Jana mama mmoja amenisema hivyo mbele ya meza zote, na majirani zangu wakacheka, nami nilikuwa na maneno yote mdomoni ya kumweleza kwamba kopo lake leo lina maharage mengi kuliko alivyowahi kupata kwangu. Nikijieleza, nitakuwa nimetoa ushuhuda tena. Nisipojieleza, ataendelea kupunjwa meza ya pili akidhani kwamba ndiko kwenye ukarimu. Mithali 11:1 inasema vipimo vilivyo sawasawa humpendeza Bwana, na ninaiamini, lakini haielezi mtu amjibu nini mama yule.

Mchuuzi wa Birere

Theluthi ni nyingi. Utaweza mpaka lini?

Muuza Maharage (mwenye uzi)

Mpaka karo ya watoto ya muhula ujao, nikibana. Baada ya hapo sijui.

Mwanafunzi wa Theolojia

Mzee wangu, watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji katika Luka 3:12-13 wakauliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Wakarudi kwenye meza zile zile, katikati ya wenzao wale wale. Luka hasemi yaliyowapata baadaye, na mara nyingi nimetamani angesema.

Katekista wa Himbi

Kuhusu mama aliyekusema, mimi ningemjibu kama angeuliza. Hakuuliza. Lakini wateja hawakulazimika kukuamini kwa neno lako, ama la ushuhuda ama la kujitetea. Mtu mwingine akipima, hutakuwa umejisifu.

Mama wa Ndosho

Hilo niachieni mimi.

Papa Shemasi, Jumamosi nitakuja na kopo langu la nyumbani, lile la maziwa ya unga ambalo halijagongwa na mtu. Nitakuja na jirani zangu wawili, mmoja wao ni mteja wa meza ya kulia kwako na ana mdomo. Tutapima kwa kopo langu, kisha kwa lako, kisha kwa la jirani yako akikubali, na asipokubali watu wataona kwamba hakukubali. Wewe utasimama kando, hutasema lolote, na mimina yako ya taratibu usiilete, nitamimina mwenyewe. Nikikuta limepungua nitasema mbele yao wote.

Nitanunua makopo manne kwa bei yako mpya. Konzi usiniwekee.